Koti Lililokatwa kwa Mwili wa Mwingine

Vijana wangu mnaoshona pale soko la Kampemba, najua mnanicheka. Mteja anakuja, mtu niliyeanza kumshonea nywele zake zikiwa nyeusi, nami namwambia avue koti, asimame wima, nimpime upya kama mgeni. Mnasema Mzee Shabani amesahau. Mmoja wenu alisema mbele ya watu kwamba yeye hata akiamshwa usingizini anajua kiuno cha baba mkwe wake, itakuwaje mimi nisijue cha mteja wa miaka yote hiyo? Tulicheka sote. Sikumjibu siku ile. Jibu lake ni refu, na mtu ambaye jibu hilo linamhusu alikuwa bado hai, amelala nyumbani kwake Kasungami, anakohoa.

Sasa tumemzika. Nami nimeifunika cherehani, maana macho hayalioni tena tundu la sindano na mikono inatetemeka. Mliponiomba niandike mambo ya kazi, nilifikiri nitaandika habari za mifuko na kola. Nitayagusa hayo njiani. Lakini moyo wangu uko kwenye koti moja, na nisipoliandika hilo sitaandika kitu kingine. Shule yangu ni ya msingi tu, kwa hiyo nivumilieni.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Ramazani. Watu wake walitoka Maniema kama wetu. Baba yangu alishona kanzu na kofia, akaniambia kofia hazitalisha watoto wangu katika mji huu wa watu wa suti, akanipeleka kwa Ramazani. Kibanda chake kilinukia ubani na makaa ya pasi. Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kutogusa utepe wa kupimia. Mwache mtu aingie, alisema, akae, anywe maji, asahau kwamba unamtazama. Mtu akijua anapimwa anavuta pumzi na kuinua kifua, na suti utakayomshonea itamkaa vizuri siku za majivuno tu. Siku nyingine zote itamning'inia.

Alinifundisha pia kupiga bandi kila mahali kabla ya mshono wa kweli, hata pale ambapo una hakika. Hasa pale ambapo una hakika. Uzi wa bandi ni mlegevu, unaufumua kwa kidole, na hakuna anayelia. Tena alinifundisha kuacha kitambaa cha akiba ndani, mgongoni na kwapani, kwa sababu mwili wa mtu hautulii. Leo mnakata kila kitu sawasawa na mstari ili nguo iwe nyepesi. Sawa. Lakini mteja akirudi na tumbo, mtamwambia nini?

Kuna siku Ramazani aliniambia nivae shati safi, tunakwenda Golf, mtaa wa wakubwa. Kule kulikuwa na vila ya Mulopwe. Ndivyo Waluba wanavyomwita mfalme wao, na huyu ninayemsema alikuwa na nchi yake mbali huko kaskazini, safari ndefu kwa gari mbovu na barabara mbovu zaidi. Akija mjini kwa sherehe au kuonana na wakubwa, alifikia katika vila hiyo.

Ninyi hamkumjua, kwa hiyo niwaeleze. Aliketi kwenye kiti chake kabla mimi sijazaliwa, na nikaota mvi akiwa bado ameketi. Pesa ilibadilika jina, nchi ilibadilika jina, mitaa ya mji huu ilibadilika majina hadi mtu akashindwa kumwelekeza mgeni, na yeye alikuwa palepale. Kulikuwa na watu waliozaliwa, wakaoa, wakazika watoto wao, bila kumjua Mulopwe mwingine. Katika miaka mibaya, watu walipoanza kuulizana makabila barabarani, alifungua ua wake na kuwalaza humo watu ambao hawakuwa wa kabila lake, akakaa mwenyewe langoni kwenye kigoda. Hakuna aliyethubutu kumruka. Nayaandika haya ili msije mkafikiri nasimulia habari ya mtu mbaya. Hakuwa mbaya.

Basi siku ile ya kwanza aliingia sebuleni, mtu mrefu, mabega kama mlango. Nami, kijana wa haraka, nikavua utepe shingoni na kupiga hatua kwenda kumpima. Mkono ulinidaka kifundo cha mkono. Ulikuwa mkono wa Mzee Ilunga, mtunza nguo wa Mulopwe. Hakuwa mzee bado, lakini alikuwa na uso wa uzee tangu ujana. Aliuminya utepe wangu ndani ya kiganja kana kwamba ni nyoka. Mulopwe alitazama dirishani, kama hakuona kitu, akatoka.

Ramazani aliomba msamaha hadi jasho likamtoka. Kumbe kwao Mulopwe hapimwi. Anayepimwa ni marehemu, ili seremala ajue urefu wa mbao. Kumwekea mfalme utepe mwilini ni kumwambia tunakungojea. Ramazani alilijua jambo hilo, alisahau tu kuniambia, na njiani wakati wa kurudi alinipiga kofi la kichwa kwa kosa lake yeye.

Wao walikuwa na njia yao. Katika ukoo walitafuta mtu mwenye umbo la Mulopwe, urefu uleule, mabega yaleyale, na huyo ndiye aliyesimama mbele ya fundi. Wakati ule alikuwa mtoto wa dada yake Mulopwe, kijana aliyesoma chuo kikuu na kupanga chumba Kampemba karibu na kwetu. Huyo ndiye Kalenga. Ndiye Mwalimu Kalenga mliyemsikia redioni.

Aliingia na viatu vya vumbi, mrefu kama mjomba wake, mwenye njaa ya wanafunzi. Akaninong'oneza, “Yaya, fanya polepole. Leo mimi ndiyo Mulopwe mupaka chakula iive.” Tangu siku hiyo aliniita Yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, na hakuacha hadi mwisho.

Tulipomvalisha koti lenye bandi, wazee wote waliokuwa sebuleni waliinama na kupiga makofi ya salamu, yale ya viganja vilivyokunjwa kama kikombe, yenye sauti nzito ya taratibu. Hata Ilunga. Hivyo ndivyo anavyosalimiwa Mulopwe, na koti la Mulopwe lilikuwa mbele yao. Kalenga alibaki ameganda. Tulipomvua, Ilunga huyohuyo akamwambia, bila hata kumtazama, “Weye, kalete viti.”

Tulirudi Kampemba kwa miguu. Tulivuka reli. Halafu Kalenga akauliza, “Yaya, bale bazee, banapigia nani makofi?”

Nikamwambia wanapigia koti.

“Na koti ikiwa juu ya kiti?”

Ramazani alimwambia asome masomo yake aachane na makoti. Lakini tulipokwenda kujaribisha mara ya pili, Kalenga alilivua koti mwenyewe na kulitundika kwenye mgongo wa kiti, akajibanza nyuma ya pazia. Ilunga aliingia na sinia ya chai. Aliliona koti, akaweka sinia chini, akainama, akapiga makofi. Kutoka nyuma ya pazia tukasikia mtu anajizuia kucheka. Ilunga hakumsemesha Kalenga siku nyingi, na chai ile hatukuipata.

Miaka mingi baadaye, Kalenga akiwa tayari anafundisha falsafa na wanafunzi wakigombania viti, aliniambia kwamba vitabu vyote alivyosoma baada ya hapo vilikuwa vikizunguka kiti kile chenye koti. Nilifikiri ananitania. Hakuwa ananitania.

Ramazani alipofariki nilirithi kibanda, pasi yake na kazi ya Golf. Kila baada ya muda Kalenga alikuja kusimama, nami nilimpima na kukata. Akasimama akiwa mwanafunzi, akasimama akiwa bwana harusi wa Mama Monique, akasimama akiwa profesa mwenye kitambi. Alikuwa akihutubia muda wote huku mikono imenyooka kama msalaba. Nilimchoma pini mara nyingi, nyingine kwa makusudi, ili apumue kidogo. Alisema mimi ndiye mtu pekee mjini mwenye ruhusa ya kumkatiza profesa.

Sasa angalieni kilichotokea, maana sisi wenyewe hatukukiona mapema. Kalenga alinenepa. Mjomba wake alizeeka. Mwili wa mzee unaanza kupungua mabegani, halafu shingoni. Ukitaka kujua, mtazame mtu kwa nyuma, uone kola ya shati inavyoachana na ngozi. Lakini mimi sikupewa mgongo wa Mulopwe wa kutazama. Nilipewa wa Kalenga. Kwa hiyo kila koti lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia, na mwenyewe alikuwa mdogo kuliko mwaka uliopita.

Niliona siku ya sherehe mjini. Nilikuwa nimemshonea koti jeusi la heshima, lenye uzi wa dhahabu kwenye kola na mikononi, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilisimama na Kalenga katikati ya watu. Gari likasimama, Ilunga akafungua mlango, na likateremka koti. Sina njia nyingine ya kusema. Mikono ilimfunika vidole. Mabega yalikaa hewani, na katikati yake kulikuwa na kichwa kidogo cha mzee kinachotafuta mahali pa kutazama. Watu walipiga makofi. Mama mmoja mbele yetu alimwambia mwenzake kwamba Mulopwe ameongezeka mwili, Mungu ashukuriwe.

Nilimgeukia Kalenga nikidhani atacheka. Alikuwa analia.

“Ile koti ni mimi, Yaya,” alisema. “Mujomba amepotelea mule ndani yangu.”

Nilimwendea Ilunga. Nilizungukazunguka maneno, nikasema labda tupunguze kidogo mabega, mtindo wa siku hizi ni mwembamba. Akanitazama kwa uso ule. “Mulopwe hapunguki, fundi,” akasema, na hayo yakawa ndiyo mazungumzo yetu.

Hapo ndipo Kalenga alipoandika. Kilikuwa kitabu kidogo, kwa Kifaransa, na mimi Kifaransa changu kinaishia kwenye majina ya vitambaa, kwa hiyo alikuja kibandani akanisomea kwa Kiswahili huku napiga pasi. Hakumtaja mjomba wake kwa jina. Alisema utawala ukiwa mrefu, kwanza watu wanamshonea mtu koti. Halafu wanamtafuta mtu wa kulienea koti. Mwishowe koti linakaa peke yake na watu wanapiga makofi, na mtu aliyemo anakufa kwa upweke, hakuna wa kumuuliza kama anasikia baridi. Alisema si wafalme tu. Mume na mke wanafanya hivyo. Marafiki wanafanya hivyo. Mtu anaweza kumpenda mwenzake miaka yote kwa kipimo cha mwaka wa harusi.

“Banauliza kama kutawala sana ni mubaya ao ni muzuri,” alisema. “Mi sijui. Mi nauliza kitu moja tu. Mara ya mwisho kumupima mwenyewe ilikuwa lini?”

Akalirudia swali hilo redioni, na mji mzima ukalisema. Mtu akiachwa na mchumba, wenzake walimwuliza, ulimpima lini? Tulicheka. Lakini maneno yalisafiri hadi kule kaskazini, na yalipofika hayakuwa tena swali. Ilunga alikuja kibandani kwangu, akasimama mlangoni, hakukubali kiti. Alisema Kalenga ametangaza kwamba Mulopwe ni koti lisilo na mtu. Asikanyage tena kule wala Golf. Hatasimama tena kupimwa, na kwa kuwa hakuna mwingine mwenye umbo hilo, basi nguo hazitashonwa.

Kalenga aliposikia alikaa juu ya gunia langu la makaa na suruali yake safi. Kule ndiko alikokulia. Kaburi la mama yake liko kule. Mulopwe ndiye aliyempeleka shule, ndiye aliyemfundisha kunyamaza kabla ya kujibu. Alisema, “Sikumutukana, Yaya. Nilimuuliza.” Aliandika barua, hazikujibiwa. Alikwenda hadi njia panda ya kule, wakamrudisha. Alipata sifa hapa mjini, wageni walikuja kutoka mbali kumsikiliza, na kila alipomaliza kusema alikuwa akitazama mlangoni kana kwamba kuna mtu mmoja hakuja.

Miaka ikapita hivyo. Halafu, mchana mmoja wa kiangazi, gari lilisimama kibandani, nikachukuliwa kwenda Golf.

Mulopwe alikuwa ameketi karibu na dirisha, amejifunika blanketi. Aliwaambia watu watoke. Alibaki Ilunga peke yake. Mulopwe akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama nina utepe. Nikasema ninao.

“Basi nipime.”

Nilimtazama Ilunga. Akageuka polepole, akaweka paji la uso ukutani, akatupa mgongo. Hakuzuia. Hakutaka tu macho yake yaone.

Vijana, nimepima maharusi, mapadri, wacheza mpira, wanasiasa. Sijawahi kushika utepe kwa namna ile. Alisimama akinishika bega. Alinukia sabuni na kafuri. Mifupa yake ilikuwa chini ya shati kama fito chini ya turubai. Nilipomaliza kifua aliniuliza ni ngapi, nikamwambia, akacheka kidogo hadi akakohoa.

“Kumbe niko mudogo vile,” alisema. “Na hakuna muntu aliniambia.” Kisha akasema, akiangalia nje, “Kuna mutoto aliuliza kitu. Shona, fundi. Sawa na ile nyeusi, lakini ya mie.”

Nilishona. Kitambaa kilekile, uzi uleule wa dhahabu. Lilikuwa koti dogo sana, karibu la mvulana. Ilunga alikuja kulichukua, akalikunja, akaondoka nalo.

Nilikwenda kwa Kalenga kabla hata ya kuzima pasi. Nilimweleza kila kitu. Alinishika mikono yote miwili, ile iliyompima mjomba wake, akaitazama. Halafu akauliza kama atalivaa mbele ya watu. Nikasema sijui. Akasema kupimwa chumbani ni kwa ajili ya fundi. Akilivaa, hapo ndipo atakuwa amemjibu yeye aliyeuliza.

Mulopwe hakuwahi kulivaa mbele ya watu. Alirudi kwake, akaugua, akafa kabla ya mvua.

Mazishi ya Mulopwe hayaonwi. Wanaingia wazee wachache, na wakitoka hawasemi. Kalenga alikwenda, akarudishwa tena njia panda. Alikaa pale, kando ya barabara, hadi ngoma ziliponyamaza, akarudi mjini. Tangu hapo alikuwa na swali moja tu. Makoti meusi yalikuwa mawili. Mulopwe huzikwa na koti lake la heshima, kwa hiyo moja lilikwenda kaburini. Lipi?

“Ikiwa ni ile ya kwake,” aliniambia, “alikufa yeye mwenyewe, na alinisikia. Ikiwa ni ile ya kwangu, Yaya, banazika mie mule, na yeye ameenda uchi.”

Nilimkuta Ilunga siku moja sokoni, nikamuuliza waziwazi. Alisema mambo ya kule hayasemwi huku, akaendelea kuchagua samaki wake wakavu.

Kalenga alistaafu, akajenga Kasungami, akalima kabichi na maharagwe kwa ubaya sana. Mama Monique alisema mume wake anazihutubia kabichi hadi zinakataa kufunga. Nilikwenda kila Ijumaa baada ya swala. Alipoanza kuugua, nilikuwa nikiona kola inavyoachana na shingo, na nilijua ninachokiona.

Ijumaa moja aliniambia, “Yaya, nipime. Nataka kujua niko ngapi sasa.”

Utepe ulikuwa mfukoni. Mkono wangu uliugusa, ukauacha. Nikamwambia aache utoto, kwani ana harusi? Akatabasamu.

“Weye pia umekuwa Ilunga,” alisema.

Alifariki wiki iliyofuata, alfajiri.

Ninyi mlikuja kwenye kilio, mkapanga viti, mkachota maji, nawashukuru. Mama Monique aliniita ndani. Kalenga alikuwa amelazwa kitandani na shati jeupe na suruali. Suti zake zote zilikuwa juu ya kiti, na hakuna hata moja iliyomfaa, zilimmeza. Aliniomba nimsaidie. Watu wa dini yangu hawashonewi nguo ya kuzikiwa. Sanda haina mshono, na hivyo ndivyo nitakavyokwenda mimi. Sikuwahi kumshonea maiti. Nikasema nitafanya.

Kabla sijachagua suti, mlango ulifunguliwa akaingia Mzee Ilunga. Amekuwa mzee wa kweli sasa, uso na mwili vimekutana. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Akaufungua, akatoa koti jeusi lenye uzi wa dhahabu, akalitandika magotini mwangu.

Nililijua kabla ya kuligeuza. Niligeuza tu ili niangalie chini ya kola, pale ninapoachaga mshono wa uzi wa kijani katika kila nguo yangu. Upo. Niliweka mkono ndani ya bega. Lilikuwa pana. Lilikuwa lile kubwa.

“Sisemi kitu, fundi,” Ilunga alisema. “Naleta nguo tu.”

Mama Monique alinitazama, akauliza maana yake nini. Nikamwambia, “Mulopwe alizikwa na la kwake mwenyewe.”

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, miguuni mwa mume wake. Hakupiga kelele. Alimwambia Ilunga, “Baba, si ungekuja hata juma ile ilipita.”

Ilunga alikubali kwa kichwa. Alisema alidhani yeye ndiye atakayetangulia. Alikuwa ameacha neno nyumbani kwake kwamba siku akifa koti lipelekwe kwa Kalenga, maana mtu akishakufa hakuna anayemshitaki kwa kusema. Alingoja yeye mwenyewe afe. Alingoja miaka yote hiyo. “Nilikuwa na afya mingi,” alisema.

Nilitoa utepe mfukoni. Nikampima Kalenga, bega, kifua, urefu wa mkono. Niliyasema mapimo kwa sauti, kwa sababu alikuwa ameyauliza.

Halafu nikaanza kufumua. Ilunga aliomba kwanza nitoe uzi wa dhahabu, kwa kuwa si wa Kalenga, nikautoa wote, nikamkabidhi. Nikafungua mabega. Nikafungua mgongo. Akiba niliyoiacha ndani kwa mafundisho ya Ramazani ilikuwa bado safi, haijaona jua. Nilikata. Vipande vilianguka sakafuni, na koti likabaki magotini mwangu mikono imeachana na mwili, si koti tena, ni vitambaa vyeusi vinavyongoja uzi.

Hapo ndipo niliposikia sauti ile nzito ya taratibu.

Niliinua kichwa. Mzee Ilunga alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameinama mbele ya Kalenga aliyelala na shati lake jeupe, na alikuwa anapiga makofi, viganja vimekunjwa kama kikombe.

Nilidhani amechanganyikiwa kwa uzee. Nikamwambia taratibu, “Mukubwa, koti bado.”

“Najua,” alisema, akaendelea.